Nyumba ya mkonge iliyoachwa: soma ukuta kabla ya kutoa kamera

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga bado zimesimama nyumba za mameneja zisizo na mtu. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta mkonge mwaka 1893, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kamba za plastiki zikaangusha bei. Nyumba ikishang'olewa mabati, masika mawili matatu yanatosha kuozesha kenchi.

Picha nyingi za nyumba hizi zina kosa moja. Mpiga picha amefika mapema, jua liko mgongoni, ukuta wa mashariki uko mbele yake. Rangi ni nzuri, lakini ukuta umelala kama karatasi. Ufa, plasta iliyobanduka na michirizi ya maji havionekani, kwa kuwa mwanga umeupiga ukuta uso kwa uso bila kuacha kivuli. Ukuta mkongwe unataka mwanga wa ubavuni, unaopita juu yake kama panga linavyoparua gome.

Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua huchomoza nyuzi 23 kaskazini ya mashariki halisi, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata mwanga huo wa ubavuni asubuhi. Desemba ni zamu ya ukuta wa kusini. Nenda na dira siku moja kabla, ujue kila ukuta unatazama wapi, ndipo upange mwezi wa kurudi. Mimi naona hatua hii ina uzito kuliko lenzi yoyote utakayonunua.

Muda wenyewe ni mfupi, maana jua la huku hupanda karibu wima. Juni linatoka kama saa 12:30 asubuhi. Saa moja baadaye limefika nyuzi 13 hivi, yaani karibu ngumi moja na nusu za mkono ulionyooshwa, na ule mwanga laini umekwisha. Uwe umeshasimamisha stendi kabla ya jua kutoka.

Usielekeze kamera juu kutafuta paa. Kuta zitaegemeana kama zinaanguka. Iweke sawa kabisa na urudi nyuma. Kwa nyumba ya mita 8 hadi kileleni, lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), kamera ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, unahitaji umbali wa mita 20 hivi. Sehemu kubwa ya nusu ya chini ya picha itakuwa ardhi, na hiyo si hasara: hapo ndipo mistari ya mkonge inapoingia, pamoja na mlingoti uliokauka, yaani shina refu la ua la mkonge. Angalia miguu yako tu, ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu. Tumia tundu la lenzi la f/8 au f/11, na wepesi wa kamera kwa mwanga uwe ISO 100.

Pangani, mji mkongwe wa pwani mkoani Tanga, ambako kuta nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sogea karibu. Plasta ikianguka, maua ya matumbawe, yaani alama zake zenye umbo la ua, yanabaki wazi ndani ya jiwe, mengine madogo kuliko punje ya mtama. Mwanga ule ule wa ubavuni unayachonga. Upande wenye giza shikilia karatasi nyeupe ya A4 ili kivuli kisizame.

Ndani usiingie bila ruhusa ya mwenye shamba au serikali ya kijiji, wala usipande ghorofani: boriti iliyoliwa na mchwa huonekana nzima kwa nje. Sikiliza nyuki kwanza. Penye kinyesi cha popo vaa barakoa. Tatizo la picha ni dirisha: ukipima mwanga wa chumba, nje kunaungua na kuwa kweupe tupu, ukipima wa nje, chumba kinakuwa shimo. Piga picha tatu bila kuhamisha stendi, kwa mfano 1/30, 1/8 na 1/2 ya sekunde, f/8 ile ile, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Weka kamera ijipige baada ya sekunde 2, kidole chako kisije kikaitikisa.