Usingizi ukikataa: maswali ya Goma kuhusu mawazo, hofu na dawa za kulala

Mchana niko sokoni, najikaza. Nikijilaza tu, mawazo yote yanakuja. Kwa nini usiku?

Mchana kuna wateja, watoto, maji ya kutafuta. Usiku mawazo yanabaki peke yake na wewe. Lakini kuna sababu nyingine, na ni ya mji huu hasa. Mtu aliyelala mara nyingi akisikiliza risasi, au aliyekimbia usiku wa Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, mwili wake umejifunza kwamba giza ndiyo saa ya hatari. Moyo unapiga, misuli inakaza, masikio yanabaki mlangoni. Si udhaifu, wala si upungufu wa imani.

Kama hatari bado ipo kweli mtaani kwenu, usijilazimishe kutulia. Pangeni zamu: mtu mzima mmoja akeshe hadi saa saba, mwingine ampokee. Anayejua kuna mwenzake macho hulala vizuri zaidi kuliko watu wazima wanne wanaosikiliza wote pamoja hadi asubuhi.

Nivumilie kitandani au niamke?

Amka. Ukigeuka-geuka kitandani kila usiku, kitanda chenyewe kinakuwa mahali pa kuwaza. Ukikadiria kwamba dakika 20 zimepita (usichungulie saa, na simu iwe mbali), toka, ukae kwenye kiti au mkeka, mwanga mdogo, ufanye kazi isiyo na haraka kama kuchambua maharage au kushona. Rudi macho yakiwa mazito. Wanaoishi chumba kimoja na watoto, kuketi na kuegemea ukuta kunatosha.

Asubuhi amka saa ile ile, hata kama umelala kidogo sana. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanafidia kwa kulala mchana muda mrefu, na usiku mwili haudai tena usingizi. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30, na uwe kabla ya saa tisa. Kahawa na chai nyeusi mwisho saa nane mchana, kwa sababu masaa matano hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Siku za kwanza utachoka zaidi ya zamani. Usiache, pima baada ya wiki mbili hadi nne.

Mawazo nayo yapewe saa yake. Saa kumi na moja jioni, dakika 15, chukua daftari. Upande mmoja andika unachoweza kufanya, upande mwingine usichoweza. "Minervali ya mtoto" (ada ya shule) haisaidii kitu ikiandikwa hivyo. Andika hatua ya kesho: kwenda kuomba shuleni kulipa kwa awamu. Jambo likirudi usiku, jiambie limeshaandikwa.

Kupumua polepole kunasaidia kweli?

Ndiyo, ila watu wengi huvuta pumzi kubwa za haraka. Hapo hewa ya kaboni inapungua mno kwenye damu, vidole vinachoma-choma, kizunguzungu kinakuja, na mtu anadhani anakufa. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, tumbo ndilo lipande, dakika tano. Jizoeze mchana ukiwa umetulia. Ukingoja hofu ikupande ndipo ujifunze, hutaweza.

Farmasini wananiuzia Valium, dawa ya kutuliza na kulalisha, bila karatasi ya daktari. Ubaya ni nini?

Inafanya kazi usiku wa kwanza, na ndiyo hatari yake. Ikimezwa kila siku, ndani ya wiki chache mwili unaizoea, na kidonge kimoja hakitoshi tena. Ukiikosa, unalala vibaya kuliko mwanzo, unaamini ugonjwa umezidi, kumbe mwili unadai dawa. Kwa hiyo haifai kupita wiki mbili hadi nne. Lakini aliyeimeza kwa miezi asiikate ghafla, anaweza kushikwa na degedege. Ipunguzwe kidogo kidogo chini ya daktari.

Usiichanganye kamwe na bia au kanyanga (pombe kali ya kienyeji). Vyote hupunguza pumzi, na mtu anaweza asiamke. Kanyanga peke yake inalaza haraka, kisha inauvunja usingizi katikati ya usiku.

Dawa za sonona (huzuni nzito isiyoisha), kama fluoksetini na amitriptilini, ni kitu kingine. Huchukua wiki mbili hadi sita kuonekana zinafaa, na wengi huziacha siku ya kumi wakisema ni bure. Amitriptilini ikimezwa nyingi inaua: itunzwe mbali na watoto, na mbali na mgonjwa anayetamani kufa.

Mlango ukigonga naruka. Njia ile siipiti tena. Ni ugonjwa?

Wiki za kwanza baada ya tukio baya, hapana. Ikipita mwezi, na ndoto mbaya bado zinakuja, na kazi inakushinda, tafuta msaada. Njia yenye hatari ya kweli, iepuke. Njia ambayo wenzako wote wanapita salama, irudie kwa hatua: leo hadi kona na mtu unayemwamini, ukae hadi hofu ipungue, kesho mbele kidogo. Ukikimbia hofu ikiwa kileleni, inakua.

Chumba cha maombi kinatosha?

Maombi na dawa vinaenda pamoja. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge afunge, au anayemfunga kamba, anamdhuru.

Twende lini, na wapi?

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukizidi wiki mbili. Siku hiyo hiyo ikiwa mtu anasikia sauti zisizokuwepo au anasema heri afe. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandi wazo. Asiachwe peke yake. Ondoeni dawa za wadudu, vidonge na kamba.

Anzia kituo cha afya cha karibu. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, vyote ni vya magonjwa ya akili. Aende na mtu anayeishi naye nyumba moja, na mbebe vidonge vyote anavyotumia, hata dawa za kienyeji, muuguzi avione.