Je, wajua supu na chapati za baada ya joging zinaweza kumeza kilomita zote ulizokimbia?

Jumamosi alfajiri, kabla daladala hazijajaa, barabara za Temeke, Mbagala na Kinondoni huwa za vikundi vya joging: fulana za rangi moja, filimbi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Saa mbili asubuhi watu hao hao wameketi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na bakuli la supu, chapati mbili na soda baridi. Utetezi unaosikika mezani haubadiliki: "Nimekimbia bwana, leo nina haki." Je, anayo haki hiyo ikiwa anakimbia ili apunguze kitambi?

Kwa mazoezi ya kawaida yasiyozidi saa moja, hana. Chakula chake cha siku kinatosha; kinachofaa ni kukihamisha kikae karibu na mazoezi, si kukiongeza. Wapo ambao jibu lao ni ndiyo, nao tutawafikia, lakini kwanza tufanye hesabu ya hiyo meza ya supu.

Anayekimbia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita (kalori tunazosema hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za chakula). Mtu wa kilo 75 akimaliza kilomita 6 ametumia kama 450. Ila ndani ya hizo zimo kama 65 ambazo angezitumia hata angebaki kitandani, maana moyo, ubongo na ini havifungi duka. Faida halisi ya mbio zake ni kama 385. Anayetembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hupata faida halisi ya nusu kalori kwa kilo kwa kilomita, kwa hiyo umbali ule ule unampa 225 tu.

Sasa chapati. Kilo moja ya unga wa ngano ikitoa chapati 14, kila moja ina gramu 71 za unga, sawa na kalori 255 au zaidi kidogo. Yanakuja mafuta: ya kukandia, ya kupaka kabla ya kukunja, na ya kikaangoni. Kwa mpishi mwenye mkono mwepesi yote hayo ni vijiko viwili vya chai kwa chapati, kalori 80. Kwa hiyo chapati moja ni kama 335, na mbili ni 670. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, kalori 150. Supu isiyo na mafuta mengi tuihesabie 200. Jumla imefika 1,020.

Ni kweli kwamba angekula kifungua kinywa hata kama asingekimbia. Tuseme ni chai ya vijiko viwili vya sukari na chapati moja, kama kalori 370. Basi nyongeza iliyoletwa na "haki" yake ni 650, dhidi ya 385 alizozitolea jasho. Angebaki nyumbani na chai yake angekuwa mbele. Kosa si la supu, ambayo ina nyama na inashibisha. Akiacha soda na chapati ya pili, meza yote inashuka hadi 535 na faida ya mbio inabaki upande wake. Akiengua na utando wa mafuta unaoelea juu ya bakuli, kila kijiko cha chakula kinachotoka ni kalori 120 nyingine.

Wengine hawabahatishi, wanaisoma saa ya mkononi: imeandika 600, wanakula 600. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya aina hiyo kwa watu 60. Mapigo ya moyo vingi vilihesabu vizuri. Kalori, hata kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kilikosea kwa asilimia 93. Juu ya hapo, saa nyingi zinajumlisha na zile kalori za kulala. Mashine za kukimbilia kwenye jimu zina tabia hiyo hiyo, hasa kama hukuingiza uzito wako.

Kuna jambo la tatu, na ushahidi wake mmoja mzuri umetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya Wahadza, jamii ya wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi. Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Mwili ukizoea kazi hubana matumizi kwingine. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba, kwa wastani, asilimia 28 hivi ya kalori za shughuli za ziada hufidiwa namna hiyo. Bila kujua, mtu aliyekimbia asubuhi anapanda bajaji kwa safari aliyokuwa akiitembea, na jioni hainuki kwenye kochi. Mazoezi yana kazi nyingine nzito: yanalinda misuli wakati uzito unashuka, yanasaidia sukari ya damu, na yanasaidia sana uzito uliotoka usirudi. Kuyafanya leseni ya kula ndiko kunakoharibu.

Kosa linalowapata hata wanaopenda hesabu ni kuhesabu zoezi mara mbili. Chukua mwanamke wa kilo 80, urefu sentimita 160, miaka 35. Kanuni ya Mifflin na St Jeor inayotumiwa na programu nyingi za simu (kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, kisha toa 161) inampa kalori 1,464 za mwili uliotulia. Akichagua "sifanyi mazoezi", programu inazidisha kwa 1.2 na kupata 1,757. Akichagua "mazoezi mepesi", inazidisha kwa 1.375 na kupata 2,013. Tofauti ni 256 kwa siku, na hiyo ndiyo mazoezi yake. Akitoa 500 ili apungue, anabaki na 1,513 ambazo tayari zina matembezi ndani. Akirudi kutoka kutembea kilomita 5 akajiongezea 200, amelipwa mara mbili. Kama alichagua ya kwanza, bajeti yake ni 1,257, ambayo ni ndogo kwa mtu anayefanya mazoezi makali. Huyo anaweza kurudisha nusu ya kalori za zoezi, na isizidi nusu, kwa sababu ya makosa ya saa na ubanaji wa mwili tuliousema.

Kuhamisha chakula ni hivi. Unayefanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, kifungua kinywa chako kije saa moja na nusu au saa mbili, kiwe na protini gramu 20 hadi 30. Mayai mawili na kikombe cha mtindi vinakufikisha 20; ongeza kiazi kitamu au ndizi mbivu kwa wanga. Unayetembea Coco Beach jioni, chakula cha usiku ndicho chakula chako cha baada ya mazoezi: kipande cha samaki cha gramu 120 kina kama gramu 27 za protini, kisha mchicha, kisha wali kiasi cha ngumi yako. Mihogo ya kukaanga ya pale ufukweni nayo ni mlo. Ukila, itoe kwenye chakula cha usiku. Wala usikimbilie kula ndani ya nusu saa kama baadhi ya makocha wanavyotisha. Misuli inapokea protini kwa saa nyingi baada ya zoezi. Kilicho muhimu zaidi ni jumla ya siku, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa anayepungua na figo zake ni nzima.

Njaa inayokuja mara tu baada ya kukimbia mara nyingi ina kiu ndani yake. Kwa joto na unyevu wa Dar, kupoteza lita moja ya jasho kwa saa ni jambo la kawaida. Jipime kabla na baada ukiwa na nguo kavu: kilo 1 iliyopungua ni lita 1 ya maji, si mafuta, na inarudishwa kwa lita 1.25 hadi 1.5 zinazonywewa taratibu. (Ndiyo maana kukimbia umevaa koti la nailoni hakupunguzi kitu zaidi ya maji, na kunaweza kukulaza kwa joto kali.) Maji ya kawaida yanatosha. Glasi ya madafu ina kalori kama 50, haina neno. Glasi hiyo hiyo ya juisi ya miwa inakaribia 180.

Wenye jibu la ndiyo ni hawa. Anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon na Jumapili anakimbia kilomita 20 anatumia kalori 1,500 hivi kama ana kilo 75. Huyo anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa akiwa njiani, yaani ndizi moja hadi mbili, na nyongeza kwenye mlo baada ya hapo. Kuli wa Kariakoo au fundi ujenzi anayeongeza jimu jioni naye ale. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 mmol/L atangulize gramu 10 hadi 20 za wanga, na atembee na glukosi mfukoni. Anayenyonyesha asijibane bila ushauri wa mhudumu wa afya. Na mwanamke ambaye hedhi imekatika tangu azidishe mazoezi hali chakula cha kutosha, hata kama mizani inamfurahisha.

Kama bado una shaka uko upande gani, jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni kabla ya kula, uchukue wastani wa siku saba, ulinganishe wiki kwa wiki kwa muda wa wiki tatu. Ukishuka kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wako kwa wiki, usiongeze kitu. Ukishuka zaidi ya hapo na nguvu zinakwisha, ongeza kalori 150 hadi 200: yai moja na ndizi moja. Usihukumu kwa siku moja tu, hasa Jumatatu. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini hushika kama gramu 3 za maji, na chumvi nayo inavuta ya kwake. Kilo moja na nusu iliyopanda Jumatatu ikiwa imeondoka kufikia Jumatano, yalikuwa maji ya pilau ya Jumapili.