Hii ni tiba au ni utafiti? Swali la kuuliza ukiwa wodini

Ukilazwa katika hospitali ya rufaa ambayo pia ni ya mafunzo, kama ile Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi wetu Mombasa bado twaiita Makadara, haitapita asubuhi bila kuzungukwa kitandani na kundi la watu waliovaa makoti meupe. Kuna daktari bingwa anayeongoza raundi, kuna intani aliyekesha zamu ya usiku, kuna wanafunzi wa udaktari na sista aliyeshika faili. Siku nyingine, pembeni kidogo, yuko mtu mwenye tableti au bahasha ya fomu anayengoja raundi iishe. Wote watakuuliza maswali yanayofanana: homa ilianza lini, unatumia dawa gani, nyumbani mnalala wangapi chumba kimoja. Mgonjwa huwajibu wote kwa namna moja, kwa sababu kwake yeye wote ni “daktari”.

Ukweli ni kwamba hapo kitandani kunafanyika kazi tatu. Tiba ni kwa ajili yako wewe. Mafunzo ni kwa ajili ya yule mwanafunzi, anayekushika tumbo huku mwalimu wake akimtazama, nawe una haki ya kusema leo sitaki. Utafiti ni kitu kingine kabisa: unafanywa kwa sababu kuna swali ambalo jibu lake halijapatikana, na faida ya jibu hilo huenda ikamfikia mgonjwa atakayelazwa miaka mitano ijayo, wala isikufikie wewe.

Katika kukagua maombi ya utafiti na kusikiliza malalamiko ya wagonjwa, jambo ninaloliona likieleweka vibaya kuliko yote ni hili. Mtu anaweka sahihi kwenye fomu ya jaribio la tiba akiamini kwamba daktari wake amemchagulia dawa inayomfaa zaidi. Katika majaribio mengi daktari hachagui. Kompyuta ndiyo inayopiga kura: huyu kundi la kwanza, huyu la pili. Mara nyingine daktari mwenyewe hajui mgonjwa wake amepewa nini, na imepangwa iwe hivyo makusudi, ili matumaini yake yasiingie kwenye vipimo. Simlaumu mgonjwa kwa kutolijua hilo. Namlaumu anayesoma fomu mbio mbio huku akiangalia foleni nje ya mlango.

Lakini kwa nini tupige kura juu ya maisha ya watu? Swali hili huulizwa kwa hasira, na ni haki liulizwe. Jibu lake bora zaidi ninalolijua halikutoka mbali. Lilitoka Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa, pamoja na hospitali za Uganda na Tanzania.

Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa hospitalini na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo ya moyo yanayokimbia, pumzi za shida au fahamu zimepotea, mafundisho ya kitaalamu yalielekeza aongezewe maji kwa haraka kupitia mshipani. Dripu ilifunguliwa ikakimbia, kwa nia njema kabisa. Ndivyo vitabu vilivyosema, ndivyo ilivyofanyika katika nchi tajiri, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika kwamba mtoto wake ametundikiwa dripu upesi. Ila watoto wa Afrika wenye malaria kali na upungufu wa damu hawakuwa wamewahi kupimwa kwa jaribio kubwa ili ijulikane kama njia hiyo inawafaa.

Ndipo likafanyika jaribio lililoitwa FEAST, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 waliingizwa. Kwa kura, wengine walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji yenye albumini (protini ya damu) kwa haraka, na wengine hawakuongezewa maji kwa kasi. Walipata kiasi cha kawaida polepole, pamoja na dawa na damu kwa aliyehitaji, sawa na wenzao wote. Watafiti walitarajia makundi ya maji ya haraka yafanye vizuri zaidi. Ndani ya saa 48, asilimia 10.6 na 10.5 ya watoto waliopewa maji kwa haraka walikuwa wamefariki. Katika lile kundi la tatu ilikuwa asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100 waliopewa dripu ya kasi, takriban 3 zaidi walikufa. Kamati huru ya usalama, iliyokuwa ikipitia takwimu bila watafiti kuziona, iliona mwelekeo huo na usajili ukasimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa.

Niweke angalizo hapa, maana najua mzazi anaweza kusoma hili leo usiku huku ana mgonjwa nyumbani. Watoto wenye kuharisha kulikowakausha maji hawakuwemo katika jaribio lile. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na aliyekauka sana anahitaji dripu. Usimkatalie.

Bila ile kura, tungeendelea. Daktari anayemwona mtoto akifa baada ya dripu husema alikuja amechelewa. Anayemwona akipona husema dripu imemwokoa. Wodi moja haiwezi kuiona tofauti ya watoto 3 katika 100, hata daktari wake awe hodari na mwenye huruma kiasi gani. Kwa maneno mengine, kilichowekwa kwenye mizani katika jaribio lile hakikuwa mwili wa mtoto peke yake. Ilikuwa imani ya daktari.

Na hapa niseme habari ya upande ambao hausemwi sana: madaktari nao huchunguzwa. Kuna tafiti ambazo hazijaribu dawa yoyote, zinamtazama mtoa huduma tu. Mwaka huo huo wa 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa miezi 18 katika hospitali 8 za wilaya hapa Kenya, katika wodi za watoto. Hospitali 4 zilipewa mwongozo wa tiba, mafunzo ya kina, fomu maalumu ya kumlaza mtoto, na mtu wa kuwafuatilia. 4 nyingine zilipata mwongozo, semina fupi na taarifa za maandishi. Kisha mafaili yakapekuliwa. Je, kupumua kwa mtoto kulihesabiwa? Uzito uliandikwa? Dozi ililingana na uzito huo? Mwishoni, katika zile zilizosaidiwa kikamilifu, mambo ya lazima ya uchunguzi yaliandikwa kwa wastani wa asilimia 94, na katika zile nyingine asilimia 65. Elimu haikuwa tofauti, vyuo ni vilevile. Tofauti ilikuwa mafunzo ya kina wakiwa kazini na mtu wa kuwafuatilia.

Utafiti wa aina hii una ugumu wake wa kimaadili, na mimi huutazama kwa makini kuliko ule wa dawa. Klinikal ofisa akiombwa ridhaa na mkubwa wake wa kazi, ana uhuru gani wa kukataa? Majina ya watumishi yakibaki kwenye takwimu, kosa lake la usiku mmoja laweza kumfuata kwenye kupandishwa cheo. Na mtafiti anayekaa kwenye kona ya chumba kutazama jinsi daktari anavyozungumza na mgonjwa anamtazama mgonjwa pia, hata kama hamwandiki. Basi ukiwa umevua shati na kuna mtu wa tatu chumbani asiyejitambulisha, muulize ni nani. Hakuna utovu wa adabu katika swali hilo.

Sasa damu. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na hadithi za mumiani, wanyonya damu za watu, na ukimwambia mtu kwamba hofu yake ni ujinga umeshampoteza. Hofu hiyo ilikolea enzi za wakoloni, watu walipopimwa na kuchanjwa bila kuelezwa neno. Kinachosaidia ni kuonyesha. Nilimtazama sista mmoja akifanya hivyo kwa mama mtu mzima wa Kisauni, aliyeuliza, “Mwanangu, hiyo damu mwaipeleka wapi, na mbona kila wiki?” Sista hakuanza na neno utafiti. Alitoa chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, akajaza maji hadi kwenye mstari, akayamimina kwenye kijiko cha chai. Mililita 5, kijiko kimoja. Kisha akamwambia kwamba anayechangia damu hutoa mililita 450 kwa mkupuo mmoja na kurudi kazini. Halafu akaeleza maabara ni ipi, kitapimwa nini, na kitakachobaki kitahifadhiwa muda gani. Yule mama akauliza kama kitapelekwa nje ya nchi. Sista akafungua ukurasa wa fomu unaosema hivyo, maana kweli sehemu ya sampuli ilikuwa iende nje, akamwonyesha mahali pa kuweka alama ya kukataa hilo peke yake. Mama alikataa hilo, akakubali mengine. Hiyo ndiyo ridhaa.

Fomu ya ridhaa inatakiwa iwe katika lugha unayoielewa. Kama husomi, isomwe mbele ya shahidi asiyehusika na mradi, kisha wewe uweke kidole gumba na yeye aweke sahihi. Nakala moja ni yako, uondoke nayo. Unaweza kuichukua nyumbani ukashauriana na mumeo, mkeo, mama mkwe au imamu wako. Utafiti usio wa dharura hauwezi kukosa siku mbili za kukusubiri. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 anakubali mzazi au mlezi, lakini mtoto anayejielewa naye huulizwa. Katika dharura, kama ilivyokuwa kwa wengi wa watoto wa FEAST, kamati ya maadili inayokagua utafiti inaweza kuruhusu mzazi aelezwe kwa maneno machache kwanza, na ridhaa kamili iombwe hali ikitulia. Ruhusa hiyo haitolewi ovyo.

Na si kila utafiti hujaribu dawa au chanjo. Tangu 1993, katika kliniki ya Ganjoni hapa mjini, wanawake waliokuwa wakifanya kazi ya ngono walifuatiliwa kwa miaka, wakirudi mara kwa mara kupimwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa. Kutokana na wao dunia ilijifunza mengi kuhusu vitu vinavyoongeza hatari ya mwanamke kuambukizwa virusi vya ukimwi, ikiwemo kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa ukeni. Wanawake ambao mtaa uliwasema vibaya wameingia katika sayansi ya ulimwengu mzima, na sidhani kama mji huu umewahi kuwashukuru.

Ukitaka kujua kwa nini kuna kamati za maadili, soma habari ya Tuskegee. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika jimbo la Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa “damu mbaya”. Penisilini ilipothibitika kuwa inaponya, hawakupewa. Hawakuelezwa kwamba wako ndani ya utafiti.

Kwetu, utafiti unaohusisha watu lazima upite kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa, na mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi ya mwaka 2013. Ukiwa ni wa dawa au chanjo, Bodi ya Dawa na Sumu nayo lazima iridhie. Taarifa za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwenye karatasi za mradi uwe namba, na daftari linaloambatanisha namba na jina lifungiwe. Pale ambapo tiba iliyothibitika ipo, kwa kawaida hakuna kukunyima upewe vidonge visivyo na dawa ili ionekane kitakachotokea. Dawa mpya hulinganishwa na ile iliyopo.

Kuhusu pesa, nauli ya kutoka Likoni au Mikindani kuja kliniki na kurudi ni haki yako, pamoja na fidia ya muda uliopotea kibaruani. Lakini ukiona kiasi ni kikubwa mpaka unasita kusema hapana, ripoti. Na usilipe chochote ili uingizwe kwenye utafiti.

Kujitoa hakuhitaji sababu. Unasema basi, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea kwenye wodi ileile. Ukitishwa kwamba utanyimwa kitanda au dawa, angalia ukurasa wa mwisho wa nakala yako: kuna namba mbili za simu, moja ya mtafiti mkuu na nyingine ya kamati ya maadili. Piga hiyo ya pili. Kamati haiajiriwi na mradi, na ina uwezo wa kuusimamisha.

Kuna jambo moja ambalo bado watafiti hutukwepa. Miradi inafungwa, makala zinachapishwa kwa Kiingereza, na mshiriki wa Mtongwe hasikii tena kilichopatikana. Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi, uliza matokeo yatasomwa wapi, lini, na kwa lugha gani. Mwambie aliyeshika fomu aliandike jibu kwenye nakala yako.