Hiyo asilimia 66 haimo ndani ya nyoka

Swali limerudi tena: "Chatu wangu ni heti wa asilimia 66, wa rafiki yangu ni wa asilimia 50. Yupi ana jeni nyingi ya ualbino?" Jamani. Nyoka ama anayo, ama hana. Heti ana nakala moja ya jeni ya ualbino na nakala moja ya kawaida, basi; hakuna theluthi mbili ya nakala. Asilimia ni ya kwetu sisi tunaomkodolea macho, kwa sababu heti na asiyebeba chochote wamefanana rangi, huwezi kuwatofautisha.

Nazungumzia chatu-mpira, Python regius, yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa. Pandisha heti kwa heti: kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino, mwenye nakala mbili, mbili za kutoa heti, moja ya kutoa mtupu, yaani asiyebeba jeni hiyo. Albino unawaona, unawatenga. Waliobaki, wawili kwa kila watatu ni heti. Ndiyo hiyo 66, na inawahusu ndugu wenye rangi ya kawaida tu. Heti kwa mtupu ni 50. Albino kwa mtupu, watoto wote ni heti kamili, hakuna cha kubahatisha.

Halafu wapo wanaohesabu mayai manne na kudai albino wao mmoja kama deni. Yai halijui ndugu zake wametokaje! Katika mayai sita ya heti kwa heti, uwezekano wa kukosa albino kabisa ni karibu asilimia 18. Hapo ndipo muuzaji anapoitwa tapeli, pengine bila kosa.

Ukitaka kumpima heti wa mashaka, mpandishe kwa albino, usimpandishe kwa heti mwenzake. Nyoka wa 66 akipandishwa kwa albino na mayai sita yote yakatoa watoto wa kawaida, uwezekano kwamba ni heti unashuka hadi asilimia 3 hivi. Ukitumia heti badala ya albino, mayai sita yale yale yanakuacha kwenye 26, yaani msimu mzima umepita na bado unakuna kichwa. Sifuri hutaifikia kamwe. Na usihesabu mayai yasiyorutubishwa, yale madogo ya manjano, magumu kama nta, wala yaliyooza kabla mtoto hajapata rangi. Mayai sita yakiwa na mabovu matatu, umepima matatu. Kama unaweza kuchagua, anza na dume: hukomaa mapema na hupandishwa kwa majike kadhaa msimu mmoja, wakati jike utamngoja kama miaka mitatu, afikishe gramu 1,500 hivi.

Ukoo nao uandike. Aksanthiki, yaani chatu-mpira wasio na rangi ya manjano, wa VPI na wa TSK, koo mbili za wafugaji tofauti, wote ni wa kijivu, lakini ukiwapandisha wao kwa wao unapata watoto wa rangi ya kawaida, heti wa jeni mbili tofauti. Kwa geko wa leopadi, aina ya mjusi, ni vivyo hivyo: albino wa koo za Tremper, Bell na Rainwater jeni zao ni tofauti. "Albino kwa albino" peke yake haitoshi kuandikwa kwenye daftari.

Kuhusu ile mistari ya tumboni karibu na mkia, inayosemwa kuwa ni alama ya heti wa paibodi, ile jeni ya mabaka meupe: naiangalia, sikatai, na mara nyingi inanishawishi. Lakini nyoka watupu pia huwa nayo, kwa hiyo siwezi kuongeza hata shilingi kwenye bei kwa sababu yake. Siku hizi kuna maabara zinazosoma jeni kwenye gamba alilojivua. Kwa jeni wanazozipima, afadhali hizo.

Linalonisumbua zaidi ni mbegu za dume. Jike huweza kuzihifadhi kutoka msimu uliopita. Ukimpima dume wako kwa jike albino aliyewahi kukutana na dume mwingine, kisha akatokea albino mmoja kati ya sita, huyo mtoto ni wa nani?