Homa ya Bonde la Ufa: chanja mifugo kabla maji hayajasimama shambani

Watu wa Naivasha, Gilgil na Nakuru kwa jumla, kila wakitangaza El Niño simu zetu za ofisi ya mifugo zinaanza kulia, shida ni kwamba wengi wanatupigia wakati kondoo wameshaanza kutupa mimba, na hapo tumechelewa. Huu ugonjwa ni wa kwetu kabisa, ulitambuliwa kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha na wanasayansi wakauandika 1931.

Miaka ya kiangazi virusi vinakaa wapi? Kwa mayai ya mbu. Kuna mbu wa Aedes wanaotaga kwa udongo wa mabwawa ya msimu, yai linakauka na linaweza kukaa hapo miaka, na mengine yameshapata virusi kutoka kwa mama, sasa mvua ikifurika wanatoka mbu walioambukizwa tayari, wanauma kondoo na ng'ombe, alafu mbu wa aina zingine wanasambaza. Ndio maana hali ya hewa inaweza kutuonya mapema. Septemba 2006 wanasayansi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliangalia joto la bahari na mimea kwa setilaiti wakatoa tahadhari, Desemba ugonjwa ukalipuka Garissa, na kabla uishe 2007 Wakenya zaidi ya 150 walikuwa wamekufa. Chanjo ya mifugo ilianza Januari, mbu washashiba.

Kwa maabara nako mambo yamesonga. Hivi virusi vina kimeng'enya kimoja kikubwa kinachonakili jeni zao, na hicho hicho kinakata kichwa cha ujumbe wa seli yako na kukibandika kwa ujumbe wa virusi, vile mwizi wa gari anang'oa namba pleti ya mwenyewe, ndio seli isome ikidhani ni yake. Watu wa dawa wanalenga hapo. Alafu 2021 ikajulikana vinaingilia wapi kwa seli, ni protini inaitwa Lrp1, iko kwa wingi kwa ini, na ini ndilo huumia sana. Mwanasayansi Mkenya mwenzetu George Warimwe naye anaongoza kazi ya chanjo ya ChAdOx1 RVF (RVF ndio huu ugonjwa kwa Kiingereza), inayolengwa kwa watu na mifugo pia, lakini binadamu bado hana chanjo iliyoidhinishwa.

Ya mifugo ipo. Ila ile ya zamani ya Smithburn inaweza kuharibu mimba, so mwambie daktari wa mifugo mapema ni kondoo gani wana mimba. Ugonjwa ukishaingia usijichanjie kiholela, sindano moja ikizunguka boma lote inabeba virusi. Kondoo akitupa mimba usivute kondo la nyuma na mikono mitupu (najua wengi wenu hufanya hivyo), vaa glavu, zika ndani sana mbwa wasifukue, chemsha maziwa, na mgonjwa usimchinje ata kama nyama inakuuma roho.

Ukitupigia tuambie wangapi wametupa mimba, wanakondoo wangapi wamekufa, na maji yalianza kusimama lini, hayo yanatusaidia kuliko picha ya mzoga kwa WhatsApp.