Je, mbunge aliye kimya hafanyi kazi?

Wengi wetu Tanzania tunampima mbunge kwa runinga: asiyesimama kuchangia huonekana amekwenda Dodoma kulala.

Dhana hiyo ina mantiki, kwani ukumbini ndiko kamera ziliko. Ila Ibara ya 63(2) ya Katiba inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali, na sehemu kubwa ya usimamizi huo hufanyika kwenye kamati. Bajeti za wizara huchambuliwa huko kabla ya mkutano wa Aprili hadi Juni. Hoja za ukaguzi nazo hufika kwenye kamati ya hesabu, ambako maofisa masuuli (wenye dhamana ya fedha za umma katika taasisi zao) huitwa kujieleza, vitabu vikiwa mezani. Hapo swali moja kavu laweza kuwa na uzito kuliko hotuba ya vigelegele. Tena, kuna wanaochangia kwa maandishi.

Ukitaka kuhakiki, fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, kwenye tovuti ya Bunge, utafute jina la mbunge wako: maswali, michango, hata ile ya maandishi. Kisha soma taarifa za kamati yake. Bila shaka, wapo walio kimya kotekote.