Belgrave ya Leicester: kitongoji cha Uingereza kilichojengwa upya na watu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam

Katika utafiti wangu wa historia ya uhamiaji baina ya Afrika Mashariki na Uingereza, hakuna mahali ninaporejea mara nyingi kama Belgrave, kitongoji kilicho kaskazini ya katikati ya jiji la Leicester. Wengi wanakijua kwa sababu ya Belgrave Road, barabara ya maduka ya sari na masonara iitwayo Golden Mile, na mara nyingi huelezwa kuwa wenye maduka hayo ni Wahindi waliotoka India. Maelezo hayo yanaruka hatua moja kubwa. Wengi kati ya waliokifufua kitongoji hicho katika miaka ya 1960 na 1970 walizaliwa au kukulia Kampala, Jinja, Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, na ndiyo maana walifika wakiwa wazoefu wa kuendesha maduka, kuweka hesabu, na kuunda jumuiya katika nchi ya ugenini.

Zamani Belgrave ilikuwa kijiji kando ya Mto Soar. Kanisa lake la Mtakatifu Petro lina sehemu zilizojengwa enzi za Wanormani, na jumba la Belgrave Hall lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18. Viwanda vya kufuma soksi na kushona viatu vilipopanuka, jiji lilikimeza kijiji, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 kikaingizwa rasmi ndani ya mipaka ya Leicester. Kampuni ya British United Shoe Machinery, iliyotengeneza mashine za kiwanda cha viatu, iliajiri maelfu ya watu kwenye Belgrave Road hiyohiyo. Palikuwa hata na stesheni ya reli ambayo kila kiangazi iliwapeleka wafanyakazi kupunga upepo pwani ya Skegness, mpaka safari hizo zilipokoma mwaka 1962. Leo mahali pake pana supamaketi.

Nyumba za wafanyakazi hao zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa naamini ndizo zilizoamua mengi yaliyofuata. Ni nyumba za matofali mekundu zilizoungana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, na mlango wa mbele unafungukia njiani moja kwa moja, bila baraza wala bustani. Chini kuna chumba cha mbele na cha nyuma, jiko dogo limesogezwa nyuma kabisa, vyumba vya kulala viko juu, na choo kilikuwa uani. Kufikia miaka ya 1960 wenyeji wenye uwezo walikuwa wakihamia nyumba mpya za pembezoni, na mitaa mingi ya aina hiyo jijini ilikuwa imebomolewa au ikisubiri kubomolewa. Bei zikashuka. Familia iliyofika na masanduku mawili, ikichangiwa na ndugu waliotangulia, iliweza kununua nyumba badala ya kupanga, na aliyenunua hakuwa na haraka ya kuhama. Katikati ya miaka ya 1970 sera nayo ilibadilika: badala ya kubomoa, zikatolewa ruzuku za ukarabati, na mitaa ya Belgrave ikanusurika.

Waliofika walisukumwa na mambo tofauti. Kenya ilipitisha sheria mpya za leseni za biashara na uhamiaji mwaka 1967, na Waasia wengi wenye pasi za Uingereza wakaondoka kwa haraka kabla Bunge la London halijawawekea vikwazo mwaka 1968. Tanzania ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha mwaka 1971, yakiwamo ya wamiliki waliokuwa wameweka akiba yao yote katika jengo moja. Kisha, Agosti 1972, Idi Amin akatoa siku 90 kwa Waasia wa Uganda. Mwezi uliofuata, halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije, kwa hoja kwamba nyumba, shule na huduma za afya zimezidiwa. Walikuja hata hivyo. Naona sababu ni nyepesi kueleweka: mtu aliyepoteza duka, nyumba na uraia hutafuta penye shangazi na mjomba, na hao walikuwa Belgrave tayari.

Hawakupokewa vyema na kila mtu. National Front, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichopinga wahamiaji, kilipata kura nyingi katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 1976, ingawa hakikupata kiti hata kimoja. Kazini mambo yalikuwa magumu vilevile: mwaka 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters, upande wa mashariki wa jiji, waligoma kwa karibu miezi mitatu wakidai usawa katika malipo, na viongozi wa chama chao cha wafanyakazi hawakuwaunga mkono. Wanawake wengi ambao Afrika Mashariki hawakuwahi kuajiriwa waliingia viwanda vya nguo, na kwa maoni yangu mishahara yao ndiyo iliyobeba maduka mengi ya mwanzo katika miaka ambayo mauzo yalikuwa hafifu. Historia ya Golden Mile husimuliwa kama ushujaa wa wafanyabiashara wanaume. Ingestahili kuanzia kwenye cherehani.

Maisha ya kijumuiya yalifuata mpangilio uliokwisha kuzoeleka Nairobi na Kampala, ambako kila jumuiya ya Kihindu, Kijaini au Kiislamu ilikuwa na ukumbi wake, kamati yake na michango yake. Shree Sanatan Mandir katika Weymouth Street iliwekwa ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Mwaka 1976 BBC Radio Leicester ilianzisha kipindi cha jioni kwa Waasia, ambacho baadaye kilizaa BBC Asian Network, stesheni ya redio ya Waasia wa Uingereza. Tangu mwaka 1983 taa za Diwali huwashwa barabarani, na umati wa makumi ya maelfu hufika. Katika migahawa, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu huagizwa kwa jina la mogo, na mtu wa Mombasa angeutambua kabla hajauonja.

Kitongoji hakijatulia. Mwaka 2022, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana katika sehemu za mashariki ya Leicester na huku Belgrave pia, na mchango wa uvumi wa mitandaoni ulikuwa mkubwa. Wajukuu wa waliotoka Afrika Mashariki wengi wamehamia vitongoji vyenye bustani, kama Oadby. Nyumba walizoziacha zinakaliwa sasa na wageni wengine, wakiwamo Wagujarati wa Daman na Diu, sehemu za India zilizokuwa makoloni ya Ureno, waliofika kwa pasi za Ureno, ambao hawana kumbukumbu ya Kampala, na ambao wengi wao walipata kazi katika viwanda vya nguo na vya chakula.